Shajara ya Land Rover ya Mambrui: chumvi kwanza, kutu baadaye, zinki mwisho

Mwisho wa Machi, kaskazi inakata

Bodi imelala chini ya banda la makuti, chesisi imekaa juu ya matofali, na kila kilichokuwa kikishika mlango, boneti, kiti au pedali kimo ndani ya makarai. Gari ni Land Rover Series III ya mzee mmoja wa Mambrui, aliyelitumia kubebea nazi tangu wanawe wakiwa wadogo. Injini imeshafungwa, gia zimeshafungwa. Kazi iliyobaki inaonekana ndogo kwa mpita njia: bawaba, vitasa, mabano ya pedali, vishikio vya boneti, klipu, washa (vile vibati vya duara vya chini ya vichwa vya boliti) na rundo la boliti. Kwangu mimi hii ndiyo kazi itakayoamua kama gari litadumu, maana hapa Malindi bahari iko karibu na upepo wake haupumziki.

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na watu huambiana kwamba gari hili haliliwi na kutu kwa sababu bodi yake ni aluminiamu. Ni aluminiamu kweli, aloi iitwayo Birmabright. Lakini aluminiamu ikibanwa na boliti ya chuma tupu, halafu unyevu wa chumvi ukapita katikati yao, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Nimefungua bawaba za mlango wa dereva nikakuta unga mweupe umejaa nyuma yake, na matundu yaliyotoka kiwandani yakiwa mviringo sasa yamevutika. Zinki iko karibu na aluminiamu zaidi kuliko chuma kilivyo, kwa hiyo boliti iliyopigwa zinki, yaani iliyofunikwa kwa utando wa zinki, haigombani sana na bodi. Tena zinki ikikwaruzwa huliwa yenyewe kwanza, chuma kilicho chini kikasalimika. Ndiyo sababu kiwanda kilipiga zinki vyuma hivi vyote, na ndiyo sababu nataka vipigwe tena kabla sijafunga hata washa moja.

Kuna jambo jingine lililonifanya nisiharakishe. Bawaba za mlango huohuo zilishapigwa zinki upya miaka ya nyuma, na mzee aliilipia kazi hiyo. Leo zinki yake imeinuka malengelenge. Nimepasua moja kwa ncha ya kisu. Chini yake hapakuwa na kutu kavu ya kupeperuka, palikuwa na kutu nyekundu yenye majimaji. Zinki ilipakwa vizuri, inang'aa bado pale ilipopashika. Tatizo lilifungiwa ndani kabla zinki haijawekwa.

Siku mbili tatu baadaye: kutenga mafungu

Nimetumia asubuhi nzima kutenga, na sioni kama ni muda uliopotea. Chombo kimoja cha dawa hakifai kwa vyuma vyote.

Vyuma vya kawaida, yaani bawaba, mabano na vishikio, vinaweza kuingia kwenye umeme, yaani pipa la maji ya magadi linalopitishwa mkondo wa chaja, na kwenye asidi bila wasiwasi. Chochote chenye aluminiamu au ile metali ya kijivu inayomiminwa kwenye vipini vya milango nimekitoa pembeni, kwa kuwa magadi hukila na asidi pia hukila. Springi nazo nimezitenga. Springi za vitasa na ile ya pedali ya klachi ni chuma kigumu, na chuma kigumu kikikaa kwenye asidi au kikichovywa kwa umeme hufyonza haidrojeni. Kwa nje kinaonekana kizima. Kisha siku moja, kikiwa kimebeba mzigo, kinakatika bila kupinda wala kutoa ishara. Boliti ngumu, zile zilizoandikwa 10.9 au 12.9 kichwani, ambazo mafundi wa baadaye walizitia mahali pa zile za asili, ziko hatarini vilevile. Springi nitazisugua kwa mkono na kuzipaka mafuta, hazitachovywa popote. Boliti hizo ngumu nitanunua mpya.

Sehemu chache za breki zina rangi ya dhahabu iliyofifia ambayo haifanani na zinki ya zamani. Magari ya Uingereza ya enzi hizo yalikuwa na vyuma vilivyopakwa kadimiamu, na vumbi la kadimiamu ni sumu kali ya mapafu na figo. Hizo sizisugui kwa brashi ya waya wala sizigusishi grenda. Zimefungwa kwenye mfuko wake. Mzee ameshakubali tununue nyingine.

Jirani yangu fundi wa kuchomelea alipita akaona nimekaa chini kati ya makarai. "Kaka, hayo yote ya nini? Asidi ya bwawa, dakika kumi, yametoka meupe." Hasemi uongo. Asidi ya haidrokloriki inayouzwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea ya hoteli huimaliza kutu haraka kuliko chochote ninachokijua, na karakana za kuchovya hutumia hiyohiyo. Lakini ni asidi ya kloridi, na kloridi, ile sehemu ya chumvi inayokula chuma, ndiyo ninayohangaika kuitoa. Isitoshe mvuke wake hupanda ukatua juu ya kila chuma kilicho karibu. Ukiifungua ndani ya gereji jioni, asubuhi spana zako zote zina kutu ya rangi ya machungwa, hata zile za kwenye droo.

Kuosha

Sijagusa kutu bado. Nimeanza na maji.

Kutu ya bara na kutu ya pwani si kitu kimoja. Bara unapambana na oksidi ya chuma, basi. Hapa oksidi imekaa juu ya chumvi, na chumvi yenyewe haikai juujuu: hushuka ndani ya vishimo mpaka pale chuma kinapoendelea kuliwa, kwa sababu pale chini ndipo kemia inapoivuta. Ukipitisha brashi ya waya au grenda unakwangua ya juu, unalainisha midomo ya vishimo, na chuma kinang'aa. Kumbe umekifunikia adui wake. Ndivyo zile bawaba zilivyofanywa, nina hakika.

Mafuta na tope vimetoka kwa dizeli kidogo na brashi, kisha sabuni ya unga na maji ya moto, kisha maji mengi. Maji nayo ni mtihani. Kisima cha nyuma ya gereji kina chumvi, kama visima vingi vya karibu na ufuo. Kufulia sawa, kusuuzia vyuma hapana. Ya bomba, yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, yanafaa kwa kuosha. Kwa kusuuza mara ya mwisho nasubiri mvua. Nimeweka mapipa chini ya mabati ya nyumba. Makuti hayafai hapa, maji yake hutoka na rangi ya chai.

Kijana anayeuza maji ya kuchuja mtaani ana kile kifaa kidogo cha kupimia chumvi iliyomo majini. Nimekiazima. Hakisemi ni chumvi gani, kinaonyesha wingi wake tu, lakini kwa kazi yangu kinatosha: nikilaza chuma usiku kucha ndani ya maji safi, asubuhi namba ikiwa imepanda, kuna kitu bado kinatoka ndani.

Aprili, masika imeanza: pipa la umeme

Mvua imekuja na mapipa yamejaa. Leo nimewasha umeme.

Nimechukua pipa la plastiki la bluu lililokatwa, nikaweka maji ya bomba na magadi meupe, vijiko vitano vya chakula kwa kila lita 20. Magadi hayo nimeyanunua wanakouza vifaa vya mabwawa. Hoteli za hapa na za Watamu huyatumia kupunguza ukali wa maji ya bwawa. Magadi ya kupikia maharage, yale ya mawe kutoka Ziwa Magadi, yana kemikali hiyohiyo, ila huja na chumvi ya kawaida ndani yake, na mimi sitaki kuongeza chumvi kwenye chombo cha kutolea chumvi. Kwa sababu hiyohiyo nimekataa ushauri wa kutia kijiko cha chumvi ili umeme upite kwa kasi. Utapita kwa kasi kweli, na gesi ya klorini itatoka pamoja nao.

Vipande vya nondo vimesimama pembeni kuzunguka pipa, vyote vimeunganishwa kwa waya mmoja juu ya maji. Bawaba zinaning'inia katikati. Waya hasi wa chaja unakwenda kwenye bawaba, chanya kwenye nondo. Hili halina kubahatisha: ukigeuza, nondo itasafishwa na bawaba italiwa. Chaja ni ile ya zamani nzito ya transfoma. Chaja za kisasa zenye akili hukataa kufanya kazi zisipoona betri. Mwenye hiyo tu anaweza kufunga betri ya gari sambamba nayo. Yangu inasukuma ampea tatu hadi tano, na sihitaji zaidi.

Mtu akiniuliza kwa nini nondo wakati hoteli zinatupa vijiko na sufuria za chuma kisichoshika kutu, jibu ni kwamba chuma hicho kina kromiamu, na umeme huitoa ikaingia majini katika hali ambayo ni sumu inayosababisha saratani. Maji huwa ya manjano na huna pa kuyamwaga. Nondo inachafuka, inavimba, unaikwangua, unairudisha. Haidhuru mtu.

Pipa liko nje, chini ya mwarobaini, mbali na ukuta. Viputo vinavyotoka kwenye bawaba ni haidrojeni, na haidrojeni ikikusanyika chini ya paa inasubiri cheche tu. Kila ninapotaka kugusa klipu nazima kwanza ukutani. Vijana wa jirani wameambiwa: hapa hakuna sigara.

Mzee alikuja kutoka Mambrui akakuta povu la rangi ya udongo limejaa juu ya maji. Akasimama akatazama kwa muda.

"Mwanangu, hivyo vyuma unavipika?"

"Navitoa chumvi, mzee. Kutu itafuata yenyewe."

"Hizo bawaba nilishazilipia mara moja."

"Najua, mzee. Ndiyo sababu nakwenda polepole."

Akaniombea heri, akaenda zake msikitini.

Kinachotokea ndani ya pipa kinanifurahisha kila ninapokifikiria. Kutu nyekundu inageuka kuwa nyeusi, laini, inayotoka kwa brashi ya plastiki. Lakini faida kubwa zaidi haionekani kwa macho. Kloridi ina chaji hasi, na bawaba ina chaji hasi. Zinafukuzana. Umeme unaisukuma chumvi kutoka vishimoni kuelekea kwenye nondo, jambo ambalo brashi hailiwezi na asidi haifanyi kwa makusudi. Wahifadhi wa vitu vya kale hutumia njia hiihii kwa vyuma vilivyotoka baharini. Mtu aliyeona Fort Jesus vitu vya Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980, atanielewa. Chuma kilichokaa chini ya bahari ukikianika hivihivi huanza kupasuka na kumeguka, kwa hiyo huwekwa kwenye maji ya alkali, kama haya yangu ya magadi, kwa miezi, mara nyingi na umeme juu yake, mpaka chumvi iishe. Bawaba za Land Rover hazijakaa chini ya bahari. Zimekaa kando yake, miaka mingi.

Nabadilisha maji ya magadi kila yanapochafuka. Kutumia yaleyale ni kurudisha nilichokitoa.

Vitasa kwenye molasi

Umeme una udhaifu mmoja: husafisha kile nondo inachokiona. Ndani ya kitasa cha mlango, nyuma ya bamba, haufiki vizuri. Kwa hivyo vitasa, vikiwa vimetolewa springi zake, vimeingia kwenye ndoo ya molasi, ile ya kulishia ng'ombe inayouzwa maduka ya kilimo, sehemu moja kwa tisa za maji.

Ni kazi ya wiki kadhaa na harufu yake mwenye nyumba wangu haipendi. Nimefunika kwa kitambaa kwa ajili ya nyuki. Molasi hushika chuma kilicho ndani ya kutu na kukiyeyusha, chuma kizima ikikigusa kidogo sana, na hupenya kila mahali maji yanapopenya. Ikumbukwe tu kwamba molasi ya miwa ina chumvi zake yenyewe, potasiamu na kloridi, hivyo kitasa kikitoka humo kitapita tena kwenye kuosha kama kimetoka garini leo. Sina la kuongeza hapa ila subira.

Boliti kwenye asidi ya sitriki

Boliti na washa ni nyingi mno kuning'inizwa moja moja. Hizo nimezitia kwenye asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali unaotiwa kwenye sharubati na achari, gramu 50 kwa lita ya maji ya mvua. Siki nayo inafanya, ila inachukua muda na asidi yake ni asilimia tano hivi tu.

Zile zilizobaki na zinki ya zamani zilichemka vikali mara tu zilipoingia, hiyo ni zinki inayeyuka na haidrojeni inatoka. Zilipotulia ndipo kutu ikaanza kulegea. Hapa sharti ni kukaa karibu. Kutu ikiisha asidi haisimami, inaendelea na chuma, na kwenye boliti mahali pa kwanza kuliwa ni ncha za nyuzi. Natoa moja kila baada ya muda, naisugua kwa mswaki. Ikibaki masizi meusi yanayotoka kwa kidole, imeiva. Masizi hayo lazima yatoke yote, zinki haishiki juu yake.

Asidi iliyokwisha kazi siimwagi uani. Udongo wetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, kinachomwagwa leo kinashuka kisimani, na kisima hakiko mbali na bahari ambayo tangu 1968 ni hifadhi. Naitia magadi mpaka iache kuchemka, naacha tope litulie, maji ya juu nayatenga. Tope lenye zinki linakaushwa na kuwekwa kwenye mkebe wake wenye kifuniko, haliendi kwenye udongo.

Mei: bawaba inayotoka jasho

Bawaba zimetoka kwenye umeme zikiwa za kijivu, safi, na mtu yeyote angezipeleka kupigwa zinki siku hiyohiyo. Nimezisuuza magadi yote, nikazilaza kwenye maji ya mvua usiku kucha pamoja na kipimo. Namba ilikuwa karibu ileile isipokuwa kwa bawaba moja, ya chini ya mlango wa dereva. Ya kwake ilipanda.

Niliiweka juu ya bati chini ya kitambaa kibichi nikairudia mchana na miwani ya kusomea. Upande unaolala juu ya bodi una vishimo vilivyoshikana, vingi si vipana kuliko kichwa cha pini. Katika vishimo vitatu palikuwa na tone. Tone la manjano, dogo, limesimama juu ya mdomo wa kishimo bila kusambaa, kwenye chuma ambacho pembeni yake ni kikavu. Nilifuta kwa pamba, nikafunika tena. Jioni matone yalikuwa yamerudi palepale. Hiyo ni kloridi ya chuma inayovuta unyevu hewani, na ndiyo majimaji niliyoyakuta chini ya malengelenge ya zinki ya zamani. Bawaba ileile, upande uleule.

Nimetoboa midomo ya vishimo hivyo kwa sindano ngumu ili kuvifungua, nikairudisha kwenye pipa na magadi mapya, ampea ndogo, muda mrefu. Halafu maji ya mvua ya moto, halafu maji ya mvua ya baridi, halafu kipimo. Ilibidi irudie mzunguko huo zaidi ya mara moja mpaka kitambaa kibichi kikakaa juu yake bila tone hata moja. Fundi wa kuchomelea alikuwa ananitazama, na safari hii alichukua miwani akatazama mwenyewe. "Kwa hiyo hiyo ndiyo inayotoboa mageti ya watu," akasema. Ndiyo hiyo.

Vishimo havitajazwa na zinki. Zinki ya umeme hufuata umbo la chuma, tena ndani ya shimo huwa nyembamba kuliko juu. Mwenye kutaka uso laini atafute kazi ya kromu, ambako huanza na shaba nyingi na kung'arisha. Mimi nataka bawaba isiyooza. Alama za uzee zibaki.

Kuelekea Mombasa

Shida ya mwisho ni hewa. Chuma kisicho na kitu juu yake, wakati wa masika, hupata wekundu kabla hujamaliza kukifuta. Mafuta yangekilinda lakini mafuta ni adui wa zinki, itabidi yatolewe tena. Kwa hiyo vyuma vyote, isipokuwa vitasa vilivyo kwenye molasi, vimepita kwenye sitriki hafifu kwa dakika chache kuondoa wekundu wa kipimo, vikasuuzwa kwa maji ya mvua ya moto, vikatiwa moja kwa moja kwenye mitungi iliyojaa maji ya mvua na magadi. Ndani ya alkali chuma kisicho na chumvi hakishiki kutu. Mitungi imefungwa vizuri ikasafiri hivyohivyo, kilomita 120 hivi, chini ya kiti.

Mwenye mabirika ya zinki ni mzee wa kazi. Alitoa bawaba moja, akaisuuza, akaiinamisha ili maji yateremke, na maji yakatanda uso mzima bila kukatika wala kujikunja kuwa matone. Hapo hakuna mafuta. Akaniuliza nimetumia nini, nikamweleza, akatikisa kichwa taratibu, akasema asidi yake atazipitisha kwa muda mfupi tu, kuamsha chuma. Ndilo nililotaka kumwomba.

Tumekubaliana hivi. Unene wa zinki uwe maikroni 12 kwa mabano na bawaba, 8 kwa boliti; maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Boliti haipaswi kuzidi hapo, kwa maana pembe za nyuzi huongeza unene mara nne kwenye kipimo cha kati, yaani kipenyo kinachopimwa katikati ya urefu wa nyuzi: maikroni 8 zinakuwa 32, na nati iliyokuwa ikizunguka kwa vidole itadai spana. Baada ya zinki, rangi ya njano, kwa sababu ule utando wa njano huzuia chumvi vizuri zaidi kuliko ule mweupe mwembamba. Kuna pini za bawaba ambazo sijui vizuri ugumu wake, kwa hizo nimeomba zikitoka tu kwenye zinki, kabla ya njano, ziingie kwenye tanuri, nyuzijoto 200, kwa muda wa saa nne, ili haidrojeni itoke kabla haijatulia ndani. Alikuwa analifanya hilo tayari kwa wateja wake wa meli.

Juni, kusi imeshika

Zimerudi. Nimezitoa kwenye magazeti na kuzitandaza mezani. Niliomba zisifungwe kwenye plastiki, kwani zinki mpya ikifungiwa na unyevu hutoa unga mweupe kabla haijafanya kazi hata siku moja. Njano yake ina wekundu na kijani kidogo ukiigeuza kwenye mwanga. Ile bawaba ya jasho naijua kwa vishimo vyake. Nimeipitisha tena kwenye jaribio la kitambaa kibichi, siku kadhaa, na haijatoa kitu.

Jana nimefunga mlango wa dereva. Matundu ya bodi yaliyoliwa yamejazwa na kuchomelewa aluminiamu na kutobolewa upya. Kati ya bawaba na bodi kuna kipande cha mpira mwembamba, chini ya kila kichwa cha boliti kuna washa ya nailoni, na nyuzi zote zina grisi. Zinki na aluminiamu zinaelewana lakini sioni sababu ya kuzikutanisha bila pazia. Mzee alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akakagua bawaba kwa kidole upande wa chini ambako hakuna anayetazama. Akauliza bampa lini.

Bampa ni habari nyingine. Haikupigwa zinki kwa umeme kiwandani, ilizamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzijoto 450 hivi, na safu yake ni nene mara kadhaa kuliko hizi maikroni 12. Itarudishwa kwa njia hiyohiyo. Sehemu zilizojikunja lazima zitobolewe matundu ya hewa kwanza, kwani maji yaliyofungiwa ndani yakikutana na zinki ya moto hulipuka. Na kabla ya hapo inaingia kwenye pipa, ncha moja kwanza, kisha inageuzwa, kwa kuwa pipa ni fupi. Nimeshamwaga magadi ya zamani. Vitasa vya molasi vinatoka wiki ijayo, vitaoshwa pamoja nayo.